Vifungo vya Tangi la Pili

Buti la kushoto la Kwangua lilikuwa na tundu kisiginoni, na ubaya wa tundu lile ni kwamba lilijua kuingiza maji lakini halikujua kuyatoa. Ijumaa moja alitoka kazini na haraka zake, akayavua mabuti, akayasukuma chini ya benchi kwenye banda la vifaa, akaenda zake. Jumatatu asubuhi alipotumbukiza mguu, vidole vilikutana na kitu baridi, laini, kinachoteleza. Alichomoa mguu kama aliyekanyaga kaa la moto, akaligeuza buti juu chini. Zikamwagika nyuzi. Nyuzi nyeupe, ndefu kama kidole, nyembamba kama unywele, mamia kwa mamia.

Alitukana kwanza. Kisha akachuchumaa, akazitazama, na hapo ndipo siku yake ilipoharibika, kwa maana nzuri.

Kwangua alikuwa amefanya kazi kwenye mitambo ya maji ya mji kwa miaka kumi na tisa, na miaka yote hiyo kazi yake ilikuwa moja: kukwangua kuta za matangi. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Matangi yenyewe yalikuwa sita, ya zege, wazi juu, kila moja lingemeza nyumba mbili na ua wake. Maji ya mto yaliingia upande mmoja, yakatulia, matope yakazama, kisha yakatokea upande wa pili kupitia milango miwili, mmoja kushoto na mmoja kulia, kila mlango na chujio lake la waya. Chujio likiziba, maji hayatoki. Maji yasipotoka, nusu ya mji inafungua mabomba na kusikia upepo.

Tangi lilikuwa na uchafu wa aina tatu, na kila aina ilikuwa na watu wake. Ukutani kulikuwa na vifungo: vidude vya kahawia, duara, vyenye matundu manne katikati, hasa kama vifungo vya shati. Hivyo vilikuwa vya kina Kwangua, watu wa ukutani, waliovikwangua kwa bapa la chuma lenye mpini mrefu. Kwenye machujio kulikuwa na nyuzi. Hizo zilikuwa za watu wa chujio. Na juu ya maji vilielea visahani, vidude vinavyopitisha mwanga kama kioo, vinavyofunguka na kufumba. Hivyo viliopolewa na watu wa juu kwa vyandarua. Kila kundi lilikuwa na zamu yake, banda lake na daftari lake la malalamiko dhidi ya makundi mengine mawili. Ukiwauliza watu wa ukutani nyuzi zinatoka wapi, watakuambia mtoni. Ukiwauliza watu wa chujio vifungo vinatoka wapi, watakuambia vinatokana na uvivu wa watu wa ukutani.

Lakini buti lile halikuwahi kufika mtoni wala kwenye chujio. Ijumaa nzima Kwangua alikuwa ndani ya tangi la pili, maji magotini, akikwangua ukuta, na vipande vya vifungo vilikuwa vikimdondokea kila mahali. Vilivyoingia butini ni vipande vya vifungo. Zilizotoka butini ni nyuzi.

"Hizi zimetoka wapi?" akauliza kwa sauti.

Mwenzake wa zamu, mtu mnene ambaye wote walimwita Bonge, alikuwa akitafuta glavu yake ya pili. Akatupa jicho sakafuni.

"Zimetoka mguuni kwako. Nenda kaoge."

Kwangua hakuoga. Siku ile alitoka kazini na chupa mbili za jemu zilizojaa maji ya tangi. Katika ya kwanza aliweka kifungo kizima, alichokitoa pamoja na kipande cha zege kilichokishikilia, hakikuguswa hata kidogo. Katika ya pili aliweka kifungo alichokikata vipande vitatu, vile vile bapa linavyokata. Akazipanga jikoni dirishani, penye mwanga.

"Baba watoto," mkewe akaita kabla hajamaliza kunawa mikono, "nini hiki karibu na chumvi?"

"Kifungo."

"Cha shati gani?"

"Cha tangini. Usikiguse, kimeshika jiwe."

"Na hiki?"

"Hicho nimekikata vipande vitatu."

Mkewe akazitazama chupa, akamtazama na yeye. "Wanaume wa wenzangu wakitoka kazini huleta nyama."

Siku ya pili, kila kipande kati ya vile vitatu kilikuwa kimetoa kitu kama uzi wa mate. Siku ya tatu nyuzi zilikatika zenyewe na kuanza kuelea. Kipande kikatoa nyingine. Na nyingine. Kwangua alizihesabu kwa kijiti cha kiberiti mpaka arobaini na tatu, akachanganyikiwa, akaanza upya. Kifungo kizima katika chupa ya kwanza kilikaa tu pale kwenye zege lake, kimetulia kama mtu aliyeshiba.

Akashindwa kula. Si kwa huzuni, bali kwa sababu kila akipeleka kijiko mdomoni macho yalikimbilia dirishani. Alianza kuamka kabla ya jogoo wa jirani ili apate muda na chupa zake.

Lakini aliyeona kubwa zaidi alikuwa mkewe. Siku ya tano, asubuhi, Kwangua akiwa anafunga mkanda, alisikia akiitwa kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayeogopa kumshtua ndege.

"Baba watoto. Njoo polepole. Kimoja kinajiuma."

Uzi mmoja ulikuwa umejipinda. Ncha moja ilikuwa ikiitafuta ncha nyingine, inaikosa, inairudia. Mkewe alikuwa amesimama na sufuria mkononi, amesahau alikuwa anaipeleka wapi. Ncha zikakutana, zikashikana. Uzi ukawa pete.

"Imejifunga," akasema mkewe.

"Usihemee karibu."

"Nahemea mbali."

Ndani ya pete ile, taratibu, utando ukaanza kutanda kutoka ukingoni kuja katikati, kama ngozi inayowambwa kwenye ngoma. Ilichukua muda wa chai kuchemka na kupoa. Utando ulipokutana katikati, pete ikajikunja kidogo, ikajikunjua, ikapanda juu. Ikajikunja tena, ikapanda tena. Ilipofika juu ilikuwa inafunguka na kufumba, inapitisha mwanga wa dirisha kama kioo.

"Kisahani," akasema Kwangua. "Mke wangu, hicho ni kisahani. Kifungo kinatoa uzi, uzi unakuwa kisahani. Ni kitu kimoja. Miaka kumi na tisa tunapigana makundi matatu, na ni kitu kimoja."

Akaizunguka meza mara mbili kwa sababu hakujua afanye nini na miguu yake.

"Na kifungo kinatoka wapi?" akauliza mkewe.

Swali hilo lilijibiwa baada ya siku mbili. Kisahani kilitoa vumbi laini, kama unga, likazama chini, na kila chembe ikashika kioo cha chupa na kuanza kuota. Kwangua aliazima miwani ya kusomea ya mkewe na kuiweka mbele ya chupa. Vilikuwa vifungo vidogo, vyenye matundu manne kila kimoja.

"Mwambie dada," mkewe akasema.

Dada mwenyewe, dada mkubwa wa mkewe, alikuwa mkuu wa watu wa chujio. Ulimi wake ulikuwa mkali kuliko bapa lolote la pale kazini. Kwangua alimkuta amekaa juu ya ndoo, akichambua nyuzi kwenye waya kwa vidole, maana brashi ilizisokotanisha zaidi.

"Shemeji," akamwambia, "nyuzi zako zinazaliwa na vifungo vyangu."

"Mimi sina uzi. Mimi nina mgongo unaouma."

Akamweleza yote, buti, chupa, pete. Shemeji mtu akaacha kuchambua.

"Hebu nielewe. Miaka yote hii nasema mnanichafulia chujio, unanijibu ni mto. Leo unakuja kwa miguu yako kuniambia ni nyinyi."

"Ndiyo hivyo. Tukikikwangua tunakikata, tukikikata kinazaa kwa hasira. Kizima hakitoi uzi."

"Andika hayo maneno kwenye daftari langu, weka sahihi, na uandike tarehe." Alicheka mpaka akashika ubavu. Lakini alipomaliza kucheka aliuliza, kwa sauti nyingine, "Una uhakika?"

"Wa chupa mbili."

"Chupa mbili si tangi, shemeji."

Alisema kweli. Na muda ulikuwa mbaya. Katika kikao cha wiki ile Injinia, mwanamke asiyependa maneno mengi, aliyeshika mitambo ile kwa mwaka wa tatu, alisema machujio yameziba mara nne ndani ya siku saba, na simu za malalamiko hazimwachi anywe maji, hayo yenyewe yakiwepo. Kuanzia siku hiyo kuta zikwanguliwe kila siku. Nyuzi zisipopungua kufikia mwisho wa mwezi, watu wa ukutani wote sita watapumzishwa, na italetwa mashine yenye brashi za kuzunguka.

Kwangua akanyanyua mkono. "Injinia, tukikwangua tunazidisha."

Chumba kizima kikaangua kicheko.

"Fundi," akasema Injinia, "kwa hiyo dawa ya uchafu ni kuuacha?"

Kwangua alitoa chupa kwenye mfuko ili amwonyeshe. Safari ya asubuhi ilikuwa imeitikisa. Pete zilikuwa zimekatika, vumbi limetibuka, na kilichobaki kilifanana na maji ya kuoshea masufuria. Injinia aliipokea, akaigeuza kwenye mwanga kwa heshima, akamrudishia.

"Kila siku, Fundi. Kuanzia leo."

Jioni ile, mezani, alimweleza mkewe alichokusudia. Tangi la pili lilikuwa lake na Bonge. Hataligusa. Ataingia nalo bapa kama kawaida, ataliburuta majini lipige kelele, lakini ukuta hataugusa kwa siku kumi.

"Ukipatia?" mkewe akauliza.

"Hakuna haja ya wakwanguaji. Nitakuwa nimejifukuza kazi."

"Ukikosea?"

"Nitakuwa nimefukuzwa kwa uvivu, mimi na wenzangu watano."

"Sasa tofauti iko wapi?"

Kwangua alifikiri. "Nitakuwa najua."

Mkewe aliinamia chupa ya tatu, walimohamishia baadhi ya nyuzi, ambamo kisahani kimoja kilikuwa kikipanda na kushuka.

"Basi usiuguse," akasema.

Siku tatu za kwanza zilikuwa za mateso. Nyuzi za vipande vya zamani ziliendelea kuja, na shemeji mtu alipita kando ya tangi akimtupia jicho. Ukuta ulianza kuwa wa kahawia. Siku ya nne Bonge alianza kunung'unika.

"Tukikaguliwa leo, mimi nitasema sikujui."

"Sema hivyo hivyo."

"Angalia ule ukuta. Unanitia aibu. Naona kama nimetoka nyumbani bila shati."

"Bonge, ndugu yangu, usiuguse."

Siku ya tano machujio ya tangi la pili yalitoka na nyuzi chache tu. Kwangua alirudi nyumbani akiruka ngazi mbili mbili, mtu wa miaka hamsini na mbili. Siku ya sita ilikuwa siku yake ya mapumziko, akaitumia yote mbele ya chupa, akimwekea mkewe dau kwamba uzi fulani utajifunga kabla ya saa sita. Mkewe alishinda.

Siku ya saba alifika kazini akakuta ukuta wa kushoto wa tangi la pili unang'aa.

Alisimama pale akiwa na chai mkononi. Ukuta wa kulia ulikuwa wa kahawia kama alivyouacha. Wa kushoto ulikuwa mweupe, umekwanguliwa na fundi anayejua kazi yake, toka juu mpaka chini.

Bonge alitokea nyuma yake, ameridhika.

"Nilisikia Injinia anazunguka na wageni," akasema. "Nikasema hapana, rafiki yangu hatadhalilika nami nipo. Nimemaliza upande mmoja, kengele ikalia. Leo nitamalizia. Huna haja ya kunishukuru."

Kwangua hakumshukuru. Alikaa kwenye ukingo wa zege, akaweka chai chini, akashika kichwa. Siku saba zilikuwa zimekwenda na maji. Mwezi ulikuwa umebakiza siku sita. Akianza upya hatafika.

"Kwani nimefanya nini?" akauliza Bonge.

"Umefanya kazi," akasema Kwangua. "Hilo ndilo tatizo. Nenda kanywe chai, tafadhali, nisije nikakutia majini."

Siku mbili zilizofuata aliingia tangini kwa sababu tu ratiba ilimtaka aingie. Hakukwangua, na Bonge hakuthubutu kumalizia, lakini Kwangua hakutazama pia. Chupa ya jikoni aliigeuzia mgongo. Mkewe ndiye aliyebadilisha maji.

Siku ya tisa, saa tatu asubuhi, alisikia anaitwa kutoka upande wa machujio. Shemeji mtu hakuwa mtu wa kupiga kelele. Siku hiyo sauti yake ilivuka matangi matatu.

"Shemeji! Acha hilo bapa uje hapa."

Alimkuta yeye na wenzake wawili wameyanyanyua machujio yote mawili ya tangi la pili, wameyaegemeza ukutani, maji yanachuruzika. La kushoto lilikuwa limevaa nyuzi kama blanketi la sufu. Waya hauonekani. La kulia lilikuwa tupu. Kulikuwa na jani moja.

"Nani kagusa upande wa kushoto?" akauliza shemeji mtu.

Kwangua alitazama la kushoto, akatazama la kulia. Tangi moja. Maji yale yale, mto ule ule, siku zile zile. Ukuta mmoja umekwanguliwa, mwingine haukuguswa. Hata angekaa mwezi mzima akipanga, asingepata jaribio zuri kama hilo.

"Bonge," akasema.

"Mwanaume yule nitambusu."

"Usiyaoshe. Shemeji, nakuomba, usiyaoshe."

Alikimbia. Watu wa juu walimwona akipita na buti moja, lile lenye tundu likiwa limebaki kwenye matope, wakadhani kuna mtu amezama, nao wakakimbia. Aliingia ofisini kwa Injinia bila kubisha hodi.

"Injinia, njoo uone machujio mawili."

"Niko kwenye simu, Fundi."

"Mwambie huyo wa kwenye simu utampigia."

Labda ni sauti yake, labda ni ule mguu mtupu. Injinia alikata simu.

Alipofika kwenye machujio alipitisha kidole kwenye kila moja. Aliuliza nani alikwangua, lini, mpaka wapi. Bonge, aliyekuja akitweta akidhani ameitwa kuadhibiwa, alijibu kila swali kwa ukweli mtupu. Kisha Injinia akamgeukia Kwangua.

"Na wewe siku zote hizo hukukwangua. Nilitoa amri."

"Ulitoa. Sikuitii."

"Ningekufukuza."

"Najua. Unaweza hata sasa. Lakini kwanza njoo uone ukutani."

Injinia alilala kifudifudi kwenye ukingo wa tangi, na koti lake jeupe la kazini, akaweka uso karibu na maji. Vifungo vilikuwa vimejipanga ukutani kwa maelfu, vimetulia, kila kimoja na matundu yake manne. Kwangua alilala kando yake, akamweleza toka buti mpaka vumbi, kwa haraka, akirukia mbele na kurudi nyuma, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Tangi la tano," akasema Injinia hatimaye, bado amelala. "Kwangueni upande wa kulia tu. La tatu, upande wa kushoto tu. Siku tatu. Nitahesabu mwenyewe. Na ile mashine ya brashi naisimamisha leo. Ingevisaga vyote kuwa unga."

"Na sisi?" akauliza Bonge. "Watu wa ukutani?"

"Sijui. Hatuwezi kuviacha milele, visahani vitaendelea kumwaga vumbi mpaka ukuta ujae. Ni lazima vitolewe vizima. Fundi, vinatoka vipi vizima?"

Kwangua alikiri hajui. Alichojua ni kuvitoa pamoja na zege, na huwezi kubomoa tangi. Lakini alikuwa ameshaingia majini kabla hajamaliza kukiri. Alijaribu ukucha, kifungo kikapasuka. Alijaribu kadi ya kazini ya Bonge, ikakata. Bonge naye akashuka, maji yakapanda, akajaribu kuvuta kwa vidole viwili, kikamtelezea. Injinia alivua viatu, akakunja suruali, akaingia, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Alijaribu kalamu. Kifungo kikachanika vipande viwili, na wote watatu wakaguna pamoja.

"Nyinyi mna mikono ya kupasulia kuni," akasema shemeji mtu kutoka juu. "Nipisheni."

Alishuka polepole, akilalamikia mgongo. Alinyoosha mkono uliochambua nyuzi miaka mingi, akakitafuta kifungo kimoja kwa kidole bila hata kukitazama, na badala ya kukivuta akakibonyeza katikati, kwenye yale matundu manne, kidogo tu, akahesabu moja, mbili, tatu. Kifungo kikalegea, kikajiachia chenyewe, kikamwangukia kiganjani kikiwa kizima.

Wote wakainama juu ya kiganja chake.

"Matangi sita," Bonge akanong'ona. "Kimoja kimoja. Kwa kidole. Mungu wangu, ile mashine ilikuwa na ubaya gani?"

"Mtahitajika wote sita," akasema Injinia, "na wengine zaidi." Lakini alisema bila kumtazama, macho yakiwa kiganjani kwa yule mama.

Kwangua alikuwa ameshasogea na kuchuchumaa, maji yamempita kiuno, uso umegusa ukuta, kidole kimenyooka.

"Fanya tena, shemeji," akasema. "Polepole. Nataka kuona kinavyoachia."